Mchanga Uliorudi Mtoni

Wenzangu mliobaki ofisini, mimi Kalunde nimestaafu. Ijumaa nilirudisha funguo za kabati, nikala keki yenu, nikapiga picha na kila mtu hadi mlinzi wa getini. Jumatatu asubuhi nikaamka, nikavaa buti, nikafunga kamba zote vizuri, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Kaa chini basi uandike hayo mambo ya makorongo," akasema. "Sisi humu ndani tumeshayasikia, wape na wengine zamu." Haya, nimekaa.

Halafu kuna lile swali lenu. Mliniona Ijumaa nikilia mbele za watu kwa sababu ya bibi mmoja aliyeingia ukumbini na dumu la maji akanikatisha hotuba. Mkaniuliza ni nani yule, na kuna nini kwenye dumu. Nilishindwa kujibu, kamasi zilinibana. Leo najibu. Vyeo na mishahara sitavigusa, vimo kwenye faili langu, na anayetafuta usingizi akalisome.

Nilishuka Dodoma kwenye treni ya kutoka Tabora enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, ndiyo kwanza zinaanza. Mji ulikuwa umechangamka! Sabuni imerudi madukani, mitumba imemwagwa chini kila kona, na kila mwenye ndoto ya nyumba ya bati anamtafuta fundi. Mimi nilikuwa msichana wa chuo, cheti changu cha mipango ya matumizi ya ardhi nimekitia kwenye bahasha ngumu kisikunjike. Niliripoti kwenye ofisi ya ardhi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Mhina, Msambaa mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Cheti hakukiangalia. Aliangalia miguu yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hivyo viatu unakwenda navyo harusini?"

"Ndivyo nilivyo navyo, mzee."

"Basi leo utatembea peku."

Akanipakia kwenye landrova ya ofisi, ile iliyokuwa haiwaki mpaka isukumwe, tukatoka mjini kupita Mkonze. Na kweli nilitembea peku. Tulisimama kando ya uwanja mrefu wa mchanga mweupe unaomeremeta juani, mbuzi kalala katikati anacheua. Mzee Mhina akanyoosha mkono. "Huu ni mto," akasema. Nilidhani wazee wa ofisi wana desturi ya kuwachezea wageni. Nikacheka, yeye hakucheka.

Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza. Mito ya huku katikati ya nchi, tunayoiita makorongo, hupitisha maji siku za mvua kubwa tu. Yanakuja kwa kishindo, yamebeba magogo, na baada ya siku chache huyaoni. Lakini hayajaenda yote. Mengine yamezama mchangani, yamekaa humo chini ambako jua haliyafikii, na watu wanayachimba kiangazi chote. Mchanga ndio tangi. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kupanga nani alime wapi, nani ajenge wapi, nani achimbe wapi na ng'ombe wapite wapi, ili tangi hilo na kingo zake vibaki salama. Ukiisema hivyo kwa mdomo ni kazi nyepesi sana.

Mto ule ulikuwa na wenyewe. Mbele kidogo wanawake walikuwa wamechimba mashimo, kila shimo limezungushiwa ua wa matawi ya miiba lisiingiliwe na mifugo. Mashimo ya watu yalikuwa upande wa juu, ya ng'ombe upande wa chini, na hakuna aliyekosea. Mwanamke mmoja alikuwa amezama shimoni hadi kifuani, anachota kwa kibuyu na kujaza ndoo. Huyo ndiye Mama Nyemo. Alikuwa mkulima wa uwele na mtama, mwenye watoto wengi na ng'ombe wachache, na mdomo, wee, Mungu alimjalia.

"Mbukwa!" akanisalimia kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Na wewe mwenye miguu ya mjini, kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama. Wa Tabora."

Alipiga kelele za furaha mbuzi wakashtuka. "Jamani, njooni! Mtani kaja! Mpagazi kaja!"

Kwa asiyejua, Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Zamani za misafara babu zetu walipita Ugogo na mizigo vichwani wakielekea pwani, na Wagogo hawakuwapa maji bure. Walidai ushuru. Msafara utoe vitambaa, shanga na majembe, ndipo uruhusiwe kuchota. Ugomvi ule uliishia kwenye utani, na mtani akikuambia neno huruhusiwi kununa. Anaweza kukuvua kofia msibani ukabaki unacheka.

"Babu yako alitoa ushuru hapa hapa," Mama Nyemo akasema, akinipa kibuyu. "Wewe nakuonea huruma. Kunywa."

Nikanywa. Jamani, maji yale! Baridi, matamu, kana kwamba yametoka mtungini. Nilipomrudishia kibuyu akaninyooshea kidole kuelekea kichakani. "Haya, tawi."

"Tawi gani, mama?"

"Hapa kwetu anayekunywa analeta tawi la mwiba, anaongeza kwenye ua wa shimo. Au ulidhani huu ua umeota?"

Nilikata tawi la mgunga nikiwa peku, nikachomwa mkononi, nikachomwa mguuni, wanawake wote wanashangilia. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Nilirudi mjini mguu umevimba, nina furaha ya ajabu.

Mzee Mhina alinitafutia buti, akaanza kunifunza kazi. Tembea mto kutoka chini kwenda juu, alisema, kwa sababu uharibifu unaouona chini umeanzia juu. Tepu ya kitambaa usiivute sana, inarefuka, na shamba la mtu linapungua bila yeye kujua. Tulikuwa na vigingi vya mbao tulivyopaka rangi nyeupe, tukavipigilia kando ya kingo kuonyesha mashamba yaishie wapi. Nusu vililiwa na mchwa. Tulipouliza habari za vilivyobaki, mwenyekiti wa kijiji alitujibu kwa adabu zote kwamba hajaona kigingi chochote, na nyuma yake moshi wa jikoni ulikuwa unanuka rangi.

Kisha yakaja malori. Ruksa ilikuwa imewafungua watu, na kila nyumba inayoinuka mjini ilitaka mchanga. Mchanga wa korongo letu ulikuwa safi, wa kuchekecha kidogo tu. Mwenye malori alikuwa Mzee Sefu, mtu wa mjini, kanzu nyeupe na kicheko kikubwa. Babu yake alikuja na misafara kutoka Unyanyembe, huko huko kwetu Tabora, akakinai safari, akafungua duka Dodoma asirudi tena. Nilimpenda Mzee Sefu, sitaficha. Aliokota malori mabovu akayafufua, akawapa vijana kazi ya koleo, na mimi aliniita mjukuu kwa sababu bibi yake alikuwa Mnyamwezi.

"Mjukuu, mchanga ni wa Mungu," aliniambia. "Mvua ikija inaleta mwingine. Mimi nafagia tu."

Angekuwa anafagia tusingegombana. Vijana wake walichimba mpaka wakagonga udongo mgumu wa chini. Mvua ziliponyesha, maji yalipita pale mbio bila kushikwa na kitu, yakamega kingo, yakaondoka na kipande cha shamba la zabibu. Kiangazi kilichofuata mashimo ya jirani yalitoa tope, halafu hayakutoa chochote.

Siku moja Mama Nyemo aliingia ofisini kwetu na ndoo kichwani. Hakutania hata neno, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliitua ndoo mezani, juu ya ramani zetu, tukachungulia. Tope jekundu, limekaa chini kabisa.

"Nimechota tangu alfajiri kwenye shimo la shangazi zangu," akasema. "Wao wamehama. Kaya zote za upande wa chini zimehama. Malori yakifika kwenye mashimo yetu na sisi tunahama, na pa kwenda sipajui. Mama yangu kazikwa pale. Ninyi kazi yenu hasa ni nini?"

Mzee Mhina akavaa kofia, akasema, "Twende mahakamani."

Halmashauri ilikuwa na sheria ndogo ya kulinda mito. Mzee Mhina ndiye aliyeiandaa zamani, akifuata ya wilaya moja ya milimani alikowahi kufanya kazi. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikataza kulima, kujenga au kuchimba karibu na ukingo wa maji. Tukamfungulia Mzee Sefu kesi, tukaenda tumependeza, na hata landrova siku hiyo iliwaka yenyewe.

Mzee Sefu hakuleta wakili. Alisubiri sheria isomwe kwa sauti, akasimama, akarekebisha kofia. "Mheshimiwa hakimu, naomba nionyeshwe hayo maji yenye ukingo. Nimechimba kiangazi. Mto mzima hauna tone. Mimi nimekaribia maji gani?"

Hakimu akatutazama sisi. Watu wa nyuma wakaanza kucheka kwa pua. Lo! Mzee wangu, mtu wa vijito vinavyotiririka mwaka mzima, alikuwa ameandika sheria ya mto wenye maji na kuileta kwenye nchi ambayo mto ni mchanga. Na madiwani wote, Wagogo waliokulia kando ya makorongo, waliinyooshea mikono ikapita bila mtu kuuliza! Kesi ilitupwa kabla ya chai ya saa nne. Nje, Mzee Mhina aliegemea landrova akacheka mpaka akafuta machozi. "Kalunde," akasema, "nimeihamishia Usambaa huku Ugogo." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu kutoka pale tulipokuwa tuliyaona malori ya Mzee Sefu yakipita kuelekea Mkonze.

Sasa ilibidi sheria yenyewe ibadilishwe, na kuibadilisha kulihitaji kamati ya madiwani. Baadhi yao walikuwa wanajenga, na mchanga wa kujengea mnajua ulikotoka. Kilichotusaidia ni Mtera, bwawa la kuzalisha umeme. Maji ya bwawa yalipungua, mgao wa umeme ukaingia, na wakubwa waliokuwa wakipiga miayo tukitaja mito ghafla wakawa wapenzi wa mito. Kamati ikakubali kutusikiliza.

Tulipoulizwa tutatoa maelezo ukumbi gani, mimi nikajikuta nimesema, "Mtoni."

"Kiangazi hiki?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

"Kiangazi hiki hiki, mheshimiwa. Tutachimba, mtaona maji."

Mzee Mhina alinigeukia taratibu. Tulipotoka akaniambia, "Unajua yasipotoka sheria imekufa, na yule mama atahama?" Nilijua.

Siku ilipofika tulipanga viti vya shule katikati ya mchanga, madiwani wakakaa na miavuli, kijiji kizima kikajaa ukingoni. Mzee Sefu alialikwa akaja na kanzu iliyopigwa pasi na chupa yake ya chai. Mama Nyemo na wenzake walisimama na majembe. Jua lilikuwa linachoma kisawasawa.

Mama Nyemo akaelekea kwenye shimo lake. Mzee Sefu akainua fimbo. "Hapana, hapana. Hapo mtakuwa mmeshamwaga ndoo zenu. Mimi ndiye nichague pa kuchimba."

Madiwani wakasema ni haki. Kweli ilikuwa haki.

Mzee Sefu akatupeleka moja kwa moja hadi kwenye shimo kubwa walilochimba vijana wake. "Hapa nimeshawapunguzia kazi," akasema. "Kama yapo, yawe karibu." Wanawake wakaanza. Jembe lilikuwa linaruka kwenye udongo ule. Walipokezana mpaka mchimbaji akazama kiunoni, na kilichotoka ni vumbi. Mzee Sefu akajimiminia chai. "Mnaona, waheshimiwa? Nilisema mahakamani, nasema tena." Diwani mmoja akaanza kukunja mwavuli wake.

Mimi nikapayuka. "Mzee, chagua tena! Chagua popote ambapo lori lako halijafika."

Popote! Mbele ya kamati nzima nimesema popote! Mama Nyemo alinikanyaga mguu kwa makusudi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee Sefu alitembea kwa raha zake, akapita mashimo yote ya wanawake, akaenda juu mbali, katikati kabisa ya korongo, mahali ambapo hata wenyeji hawajawahi kuchimba. Akachora duara kwa fimbo. "Hapa."

Mama Nyemo alifunga kanga kiunoni akaingia mwenyewe. Mchanga mkavu ulikuwa unaporomoka, anatoa mmoja unaingia mwingine. Akazama magotini, akazama mapajani. Nilisali kwa Kinyamwezi. Mzee Mhina alikuwa amevua kofia ameishika kifuani kama yuko mazishini, na nilitamani nimwambie aivae.

Jembe likabadilika sauti. Mama Nyemo akainama, akachukua konzi ya mchanga, akaifinya, akaitazama. Kisha akageuka akamtupia Mzee Sefu. Bonge likampiga kifuani, paaa, kwenye ile kanzu nyeupe, likaganda pale pale.

Nilidhani pameharibika. Mzee Sefu aliutazama ule mchanga kifuani. Haukudondoka.

"Mchanga mkavu hauwezi kukuganda, mtani," Mama Nyemo akasema kutoka shimoni. "Huo una nini?"

Basi hapo madiwani waliacha viti! Walizunguka shimo wakipigana vikumbo, na mwenyekiti wa kamati akapoteza kiatu kimoja. Mama Nyemo akaongeza majembe machache, mchanga ukawa mweusi, ukang'aa, na chini pale, taratibu, maji yakaanza kujikusanya. Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe, mtumishi wa serikali, nimevaa buti! Kijiji kikaitikia ukingo mzima. Mzee Mhina akaivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Mama Nyemo aliyaacha yatulie, akachota kibuyu cha kwanza akampa Mzee Sefu. Akanywa chote. Akaliangalia shimo lile, kisha akaangalia kule chini kwenye shimo lake kavu.

"Ni mto ule ule," akasema, kama anayejiambia.

"Ule ule," Mama Nyemo akajibu.

Mzee Sefu alikuwa muungwana, na desturi ya shimo aliijua. Akageuka kuelekea kwenye miiba. Mama Nyemo akamkamata kanzu. "Wewe hapana. Tawi ni la watu wengine. Wewe ni mjukuu wa msafara. Babu yako alipokata kiu hapa alitoa vitambaa, akatoa majembe. Wewe umebeba mchanga wetu miaka hii yote, hata shanga moja hujatoa. Leo utautoa ushuru."

Watu wakazizima kwa kicheko. Akanune vipi, mbele ya madiwani, na mtani ndiye anayedai? "Nitoe nini basi, mtani?"

"Mchanga. Jaza lori lako, uurudishe."

Mzee Sefu alitazama bonge lile lililokuwa bado kifuani, akalibandua kwa vidole, akalirudisha shimoni. "Babu yangu sitamtia aibu," akasema.

Kesho yake tulikuwa wote ukingoni tunasubiri, wengine wanasema atakuja, wengine wanasema thubutu. Akaja! Lori likashuka korongoni kinyumenyume, limejaa mchanga kutoka kwenye uwanja wake wa mjini, Mzee Sefu kakaa mbele karibu na dereva. Likamwaga mzigo kwenye shimo lile kavu, vumbi likapanda, na wanawake wakalizunguka lori wakicheza. Mimi nilikuwa katikati yao. Nimeona mambo mengi kazini baada ya siku ile, lakini lori la mchanga kurudisha mchanga mtoni sijaliona tena.

Sitawadanganya, mzigo ule haukujaza hata pembe ya shimo. Mvua ndizo zilizojaza, msimu baada ya msimu, malori yalipokuwa yamesimama. Lakini baada ya kuona jambo lile hakuna diwani aliyeuliza tena maji yako wapi. Sheria mpya ikasema mto ni mchanga wake wote, kutoka ukingo hadi ukingo, uwe na maji juu au usiwe nayo. Mchanga uchukuliwe tu pale unapojilundika kwenye kona, chini ya mashimo ya ng'ombe, kwa ruhusa ya mkutano wa kijiji, na usichimbwe kupita kina cha goti. Kwenye mkutano ukazuka ubishi mkali: goti la nani? Mama Nyemo alikuwa mrefu, mwenyekiti wa kijiji mrefu zaidi. Wakaamua goti la Mzee Sefu, kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wote na ndiye mwenye malori. Akaja akasimama mtoni, kanzu kaikunja, wakapima fimbo kwenye mguu wake, na fimbo hiyo ikakaa kwa mtendaji wa kijiji. Vigingi tuliachana navyo. Kuonyesha mipaka ya mashamba tukapanda minyaa, ambayo mchwa hawaigusi, mbuzi hawaili, na ukiipikia ugali unajutia moshi wake.

Shangazi zake Mama Nyemo walirudi. Walikuja na mabati yao kichwani na kuku kwenye matenga, na yeye akawapokea kwa matusi ya utani ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baada ya miaka, mji ulipotanuka hadi Chimwaga na majengo ya chuo yakaanza kuinuka, tulikipeleka kifungu kile kile cha mchanga kwenye makorongo mengine, na kila mahali tulianza kwa kuchimba. Mzee Mhina alistaafu akarudi kwenye vijito vyake, akafia huko. Mzee Sefu naye ametangulia. Walionifunza kazi wamekwisha, nimebaki mimi nawasumbua ninyi.

Ninyi mna vishikwambi na picha za kutoka angani. Safi sana, ningekuwa navyo nisingechomwa miiba mingi hivyo. Ila picha itawaonyesha ukanda mweupe tu, na mwenye lori atawauliza maji yako wapi. Bebeni jembe. Na mkiletewa sheria nzuri kutoka mahali pengine, isomeni mmesimama mtoni, siyo mmekaa chini ya feni.

Sasa narudi kwenye Ijumaa. Mliona lori likiingia getini, mkadhani limeleta viti. Ni la mjukuu wa Mzee Sefu. Yule bibi mliyemshusha kwa kumshika mikono ni Mama Nyemo, na lile dumu lilitoka mtoni asubuhi ile ile, mwezi huu wa kiangazi ambao nusu ya mabomba ya mji yamekauka. Mlisikia akisema kwa sauti yake ile, "Nyamaza hotuba, Mnyamwezi, nina neno." Alipokaribia alishusha sauti, na maneno yaliyofuata hamkuyasikia.

Alinimiminia kwenye glasi yenu ya soda. "Babu zenu walilipia maji yetu," akasema. "Leo tunawarudishia ushuru wao. Bado tupo pale pale, kwa mama yangu. Hatukuhama. Kunywa."

Nikanywa huku nalia. Ni yale yale, baridi, matamu. Nikamrudishia glasi, nikataka kumkumbatia, akanisukuma kwa kiwiko.

"Usinilowanishe. Tawi liko wapi?"

Nikamwambia, mama, hapa ni ukumbini, mwiba nitautoa wapi? Akasema hajali, nimekunywa.

Basi kesho asubuhi nitaamka mapema, nitavaa buti. Nina pa kwenda.